Jina Moja, Ibada Mbalimbali: Suala la Mungu Kando ya Ziwa Viktoria

Msafiri atokaye Mwanza mjini kwa barabara ya kusini hupita Mkolani, kisha hufika Buhongwa, kabla ya njia kugawanyika Usagara, moja ikielekea Shinyanga na nyingine Kigongo. Katika mwendo huo mfupi huona makanisa ya madhehebu mengi na misikiti pia. Na kule mjini alikotoka ameacha hekalu la Wahindu. Akizungumza na wazee watamweleza kwamba kabla ya nyumba hizo zote kujengwa, watu wa hapa walikuwa na matambiko yao, ambayo hayajakoma kabisa. Si ajabu basi mwanafunzi wa sekondari amwulize mwalimu wake: Je, watu hawa wote wanamwabudu Mungu mmoja, au kila dini ina mungu wake?

Katika insha hii tutalitazama swali hilo kwa njia ya historia. Historia haina uwezo wa kutuambia Mungu ni nani, wala hatuiombi ifanye kazi ya mashehe na mapadri. Lakini yaweza kutuonyesha watu wa mwambao huu walimwitaje Mungu, walipatana katika nini na waligombana katika nini. Tutaona kwamba jina la Mungu lilikubaliwa mapema na bila vita, na kwamba damu ilipomwagika, ilimwagika kwa sababu ya mamlaka: nani achinje, nani aongoze sala, na nani atawale.

Majina kabla ya wageni

Wasukuma walikuwa na jina la Mungu kabla ya msikiti wa kwanza na kanisa la kwanza. Walimwita Mulungu, walimwita pia Seba, yaani Bwana, na Liwelelo, jina linalohusiana na ulimwengu mzima. Ndugu zao Wanyamwezi walitumia pia majina ya Likube na Limatunda. Upande wa magharibi wa ziwa, Wahaya walisema Ruhanga, yaani muumba, na Rugaba, yaani mgawaji. Waganda, ng'ambo ya kaskazini, walisema Katonda, jina litokanalo na kitendo cha kuumba. Majina hayo hayafanani kwa sauti, lakini yanakaribiana sana kwa maana. Humtaja aliyeumba, anayegawa, na aliye Bwana wa vyote.

Hata hivyo, ibada ya kila siku haikuelekezwa kwa Mulungu peke yake. Mtu aliyeuguliwa na mtoto, au aliyepotewa na mifugo, alimwendea mfumu, naye mfumu akapiga ramli ili kujua ni nani miongoni mwa masamva, yaani wazee waliokwisha kufa, aliyesahauliwa na watoto wake. Mvua nayo ilikuwa mzigo wa mtemi. Ukame ulipozidi, mtemi aliweza kulaumiwa na hata kuondolewa katika kiti chake.

Mgeni aliyeyatazama mambo hayo kwa haraka alidhani kwamba Wasukuma wana miungu mingi, au hawamjui Mungu kabisa. Waliochunguza kwa utaratibu waliona vingine. Ralph Tanner, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Usukuma, aliandika katika miaka ya 1950 juu ya fikira za Wasukuma kuhusu Mungu Mkuu, na maandishi ya namna hiyo yalisaidia kuondoa dhana kwamba masamva ndio waliokuwa Mungu. Masamva walikuwa jamaa, nao waliheshimiwa na kuogopwa kama jamaa. Mulungu alikuwa juu yao. Mwanafunzi na aishike tofauti hii, maana tutaihitaji tena: anayeaminiwa kuwa asili ya vyote ni jambo moja, na njia ya kumwendea ni jambo jingine.

Jina lililotoka pwani

Neno Mungu la Kiswahili ni ndugu wa damu wa Mulungu. Wayao na Wamijikenda nao husema Mulungu. Katika Kiswahili sauti ya kati ilidondoka, na katika maandishi kadha ya karne ya 19 twalikuta neno hilo likiandikwa Muungu, kama kwamba lingali njiani.

Jambo la kuangalia ni kwamba Waislamu wa pwani, ambao dini yao ilikuja na jina la Allah, hawakulitupa jina walilolikuta. Walilitumia pamoja na Allah, Mola na Rabi. Tamko la Mwenyezi Mungu lenyewe ni ushahidi wa ndoa hiyo. Mwenyezi ni mwenye enzi, na enzi imetoka katika Kiarabu. Mungu ametoka katika lugha za Kibantu. Tangu hapo Mswahili aliposali kwa Kiarabu na kuomba dua kwa lugha ya mama yake, hakuona kwamba anamwomba mwingine.

Wamisionari Wakristo walipofika walilikuta neno hilo katika vinywa vya Waislamu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Edward Steere, askofu wa misheni ya UMCA huko Unguja hadi alipofariki mwaka 1882, alifanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko. Wangaliweza kuleta jina geni kutoka Kilatini au Kiyunani ili waumini wao wasichanganywe na Waislamu. Hawakufanya hivyo. Kwa sababu hiyo Biblia ya Kiswahili na mawaidha ya msikitini hutumia neno lile lile.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, yafaa tutazame nchi nyingine. Huko China, Wakatoliki walibishana kwa miaka mingi kama ilikuwa halali kutumia majina ya zamani ya Kichina ya Mungu, na mwaka 1704 Papa Klementi wa 11 aliyakataza majina ya Tian na Shangdi, akaagiza litumike Tianzhu, yaani Bwana wa Mbinguni. Huko Malaysia, serikali ilipiga marufuku mwaka 1986 wasio Waislamu kutumia neno Allah katika machapisho yao. Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kuwapa haki Wakatoliki mwisho wa mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2013, na mwaka 2014 Mahakama ya Shirikisho ikakataa kuisikiliza rufani yao. Karibu yetu, huko Rwanda, White Fathers waliofika mwaka 1900 waliogopa kwamba jina la Imana lilikuwa limefungamana mno na imani za kale. Wakaliacha, na kwa miongo kadha wakawafundisha Wanyarwanda kusema Mungu, neno la Kiswahili, mpaka baadaye Imana aliporudishwa. Jina lililokuwa la nyumbani Usukuma likawa geni Rwanda. Hapa kwetu hapakuwa na kesi wala amri ya Papa. Mkristo, Mwislamu na mzee wa matambiko walisema neno moja, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake analielewa.

Jina halikuzuia vita

Hapo ndipo tunapopaswa kuwa waangalifu. Mtu aweza kusema: kwa kuwa jina ni moja, basi mambo yote yamekwisha. Historia ya ziwa hili inakanusha maneno hayo.

Uislamu ulifika Buganda katika miaka ya 1840, katika enzi ya Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alimkabili Suna barazani, akamwambia kwamba watu aliokuwa akiwaua ni viumbe vya Mungu. Mutesa, mwana wa Suna, alijifunza Uislamu na kufunga Ramadhani, lakini hakutahiriwa. Yapata mwaka 1876 vijana Waislamu wa jumba lake walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, tena walikataa kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Mutesa aliamuru wengi wauawe. Vijana hao hawakugombana na Kabaka juu ya jina la Mungu, kwani yeye na wao walimtaja mmoja. Waligombana juu ya kisu na juu ya nafasi ya mbele katika sala. Nyuma ya mambo hayo mawili lilikuwapo swali kubwa zaidi: Je, Mungu ana amri ambayo hata Kabaka hawezi kuivunja?

Mwaka 1879 walikuwapo mbele ya Mutesa Alexander Mackay, Mprotestanti, na Padri Siméon Lourdel, Mkatoliki. Walibishana hadharani, hata Kabaka akashangaa kwamba Wazungu nao hawana dini moja. Kabaka Mwanga, aliyemrithi Mutesa mwaka 1884, aliwaua Wakristo wengi kati ya mwaka 1885 na 1887, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Mwezi Septemba 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa. Baada ya majuma machache Waislamu waliwafukuza Wakristo. Baadaye Wakristo waliwashinda Waislamu. Na mwezi Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wakapigana wenyewe kwa wenyewe huko Mengo. Makundi hayo ya mwisho watu waliyaita Wafaransa na Waingereza. Majina hayo yanaeleza ukweli kuliko mahubiri mengi: mashamba, vyeo na urafiki wa mataifa ya Ulaya vilikuwa ndani ya vita hivyo. Pande zote zilimwomba Katonda ushindi.

Mambo hayo hayakuwa mbali na Buhongwa. White Fathers walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882 walihamia kusini mwa ziwa, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ng'ambo kidogo ya Usagara. Mwanga alipoondolewa alikimbia kwa mtumbwi mpaka Magu, akakaa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kiarabu. Kisha aliwatoroka, akapata hifadhi Bukumbi kwa mapadri wale wale ambao waumini wao aliwachoma moto. Walimpokea. Mwaka 1889 alirudi kaskazini kupigania kiti chake.

Tena kuna tukio la miaka kumi na mmoja kabla ya hapo ambalo vitabu vya shule hulipita upesi. Desemba 1877, katika Ukerewe, mfanyabiashara Mwislamu aitwaye Songoro aligombana na mtemi Lukonge, akakimbilia kwa wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill. Walikataa kumtoa, wakauawa pamoja naye. Songoro hakuwa mtu safi, maana alifanya biashara ya watumwa. Lakini wamisionari hao hawakumwuliza kwanza kama Mungu wake na wao ni mmoja.

Mfano wa ziwa

Mwezi Agosti 1858 John Hanning Speke aliliona ziwa kutoka Mwanza, akasema kwamba hapo ndipo chanzo cha Nile. Mwenzake Richard Burton alikataa, na wataalamu wengine walidhani kwamba maji yaliyosimuliwa na watu mbalimbali yalikuwa maziwa kadha. Waganda waliyaita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, Wasukuma Nyanza, na Speke akayapa jina la malkia wake. Mwezi Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageye kwa mashua, akazunguka, na kuthibitisha kwamba maji ni mamoja. Ni katika safari hiyo alipofika kwa Mutesa na kuandika barua iliyowaita wamisionari.

Mfano huu unatufundisha mambo mawili. Kwanza, watu waweza kutaja kitu kimoja kwa majina mengi, na hata wakakosea katika kukieleza, na bado wakawa wanakizungumzia kitu hicho hicho. Mvuvi wa Ssese na mvuvi wa Ukerewe wakibishana juu ya kina cha maji, ubishi wao wenyewe unaonyesha kwamba wanasema juu ya ziwa moja. Pili, mfano una mpaka wake. Ziwa lilizungukwa, na ubishi ukaisha. Hakuna mashua ya kumzunguka Mungu. Kwa hiyo swali letu haliwezi kumalizwa kwa kipimo. Kila dini hulijibu kutokana na mafunzo yake.

Dini zenyewe zasemaje

Kurani, katika Sura ya 29, aya ya 46, huwaagiza Waislamu wawaambie Watu wa Kitabu kwamba Mungu wao wote ni mmoja. Lakini Sura ya 112 inakana kabisa kwamba Mungu ana mwana. Kanisa Katoliki, katika tamko la Oktoba 1965 la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilikiri kwamba Waislamu humwabudu Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na dunia. Miongoni mwa maaskofu walioshiriki mtaguso huo alikuwa Joseph Blomjous, askofu wa Mwanza. Lakini Kanisa hilo hilo linafundisha Utatu Mtakatifu na linamkiri Yesu kuwa Mwana wa Mungu. Wako Waprotestanti wasioukubali usemi wa mtaguso, wakidai kwamba Mungu hajulikani kweli ila kwa njia ya Yesu. Wahindu nao wana majina na sura nyingi, na wengi wao husema kwamba nyuma ya sura hizo upo ukweli mmoja.

Kusema kwamba tofauti hizo ni ndogo ni kuwavunjia heshima waumini wote. Mwislamu hatakubali kuambiwa kwamba Utatu ni maneno tu, wala Mkristo hatakubali kuambiwa kwamba Msalaba ni desturi tu. Lililo kweli ni kwamba dini hizo mbili hudai zinamzungumzia Muumba mmoja, na ndiyo sababu ubishi wao ni mkali. Watu wenye miungu miwili isiyohusiana hawangekuwa na la kubishania.

Na masamva je? Kwa muda mrefu waongofu waliambiwa kwamba mambo ya wazee ni ya shetani. Fikira hiyo ilianza kubadilika. Katika miaka ya 1950, huko Bujora karibu na Kisesa, Padri David Clement, mzaliwa wa Kanada, alijenga pamoja na Wasukuma kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na kandoye ikakua makumbusho ya Wasukuma yenye vifaa vya watemi na ngoma zao. Sikukuu ya Bulabo inayofanyika huko kila mwaka, yapata mwezi Juni, huunganisha ibada ya Kikristo na mashindano ya ngoma. Wako wanaoisifu kazi hiyo, na wako wanaouliza kama mila ikiingizwa kanisani hubaki mila. Lakini kitendo cha Bujora kilikiri jambo moja waziwazi: kwamba Mulungu aliyetajwa na wazee hakuhitaji kuletwa na meli.

Jina moja katika taifa

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilichagua wimbo wa taifa uitwao Mungu Ibariki Afrika, ambao chanzo chake ni utenzi wa Enoch Sontonga wa Afrika Kusini uliotungwa mwaka 1897. Watoto wa Kiislamu, wa Kikristo na wa dini za asili waliuimba katika mstari mmoja, wala hapakuwa na haja ya kutunga majina matatu. Mwalimu Nyerere, mwenyewe Mkatoliki aliyezaliwa katika nyumba ya mtemi wa Wazanaki, alishikilia kwamba serikali haina dini ingawa wananchi wana dini zao, na ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na kuabudu.

Lakini kisu kilirudi. Mwezi Februari 1913 ungepita kimya. Februari 2013 haikupita hivyo. Huko Buseresere, mkoani Geita, ulizuka ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama iuzwayo kwa watu wote, na mchungaji mmoja akauawa. Miaka zaidi ya 130 ilikuwa imepita tangu vijana wa Mutesa wakatae nyama ya Kabaka, na swali lilikuwa lile lile. Siku zote mbili hakuna aliyeuliza kama Mungu ni mmoja. Kilichoulizwa ni mkono wa nani uchinje, na kwa idhini ya nani.

Kwa hiyo mwalimu akiulizwa lile swali la mwanafunzi, afadhali aligawe mara tatu. Kwanza, je, watu hawa wanamtaja mmoja? Katika lugha yetu jibu la historia ni ndiyo, na jibu hilo ni urithi tuliopewa na Wabantu wa kale, Waislamu wa pwani na watafsiri Wakristo kwa pamoja. Pili, je, wanamweleza kwa namna moja? La, wala tusijidanganye. Tatu, je, tofauti hiyo inampa mtu haki ya kumtawala jirani yake katika chakula, maziko au kura? Hapo ndipo Mengo na Buseresere zinapotupa jibu, nalo ni la gharama kubwa.

Wanafunzi nao wana kazi ya kufanya. Wawaulize wazee wa Buhongwa, Bukumbi na Kisesa majina yote ya Mungu wanayoyakumbuka, na wayaandike pamoja na maelezo ya nini kiliombwa kwa kila jina: mvua, mtoto, amani au ushindi. Kazi hiyo haitamaliza ubishi wa dini. Itawaonyesha kwamba Mwislamu, Mkristo na mtambikaji wa mwambao huu, walipoinua mikono, waliomba karibu mambo yale yale, na kwamba waliyaomba kwa neno ambalo hakuna hata mmoja wao awezaye kudai kuwa ni lake peke yake.